Siku Rilei Aliponipa Mji

Usiku wa kuamkia jana niliota nimekaa uani kwangu Ikapwela, nachambua maharage. Nikaokota kijiwe kwenye ungo, nikakitupa. Kikarudi. Nikakitupa tena, mbali zaidi, kikarudi kikiwa kimekasirika.

"Usinitupe," kikaniambia. "Niko kazini, wewe umenichukua na maharage."

"Kazi gani ya kijiwe?"

"Nirudishe kituoni utaona."

Nainuka nikachukue ndala. Ndala hakuna. Ua hakuna. Nimesimama peku mbele ya uzio mrefu wa waya, mchana mweupe, kijiwe mkononi, na nyaya zinanguruma juu ya kichwa changu.

Nilipatambua. Ni kile kituo cha kupozea umeme anakofanya kazi mjukuu wangu Tusekile. Mimi humwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alikuwa anamwita mchumba, naye haoni haya kunijibu kwamba mume alimpenda yeye zaidi. Tusekile ni fundi. Hupanda kwenye vyuma kufuta vumbi kwenye vile vikombe vyeupe vinavyoshikilia nyaya, kwa sababu vumbi likijaa kisha manyunyu yakanyesha, umeme hutambaa juu ya uchafu na kwenda usikotumwa. Nilifika hapo wakati fulani kumpelekea ndizi, nikaishia getini.

Getini palikuwa na kibao cha hatari chenye picha ya fuvu. Fuvu likasema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo, baba?"

"Kazi, Bibi. Nasimama juani kutwa nzima natisha watu, wao wanakuja kupiga picha na mimi."

"Nimekuja kumwona Tusekile."

"Pita. Ila humu ndani usinyooshe kidole. Kidole kikinyooshwa humu, kuna anayekuja kukishika, na hana haja ya kukifikia. Akikaribia tu anaruka."

Nikavificha vidole vyangu vyote ndani ya kanga. Lango likafunguka lenyewe.

Ndani, chini kote ni kokoto. Kijiwe changu kikaruka kutoka mkononi, kikajilaza katikati ya ndugu zake, nao wakakipokea kwa kelele kama msafiri aliyetoka mbali.

"Sasa hiyo ndiyo kazi?" nikauliza. "Kulala chali?"

"Umeme ukimwagika ardhini hutafuta miguu ya kupanda," kikanijibu. "Sisi tunauambia, hapa hapapandwi."

"Na ukiwashinda?"

Kokoto moja kubwa ikasema, "Ukitushinda, bana miguu pamoja, urukeruke kama chura mpaka ufike mbali. Ukitanua hatua, umeme utaingilia mguu huu na kutokea huu."

Basi mimi, na magoti yangu haya yanayolia kama mlango mbovu, nikabana miguu nikaanza kurukaruka. Kokoto zilinitazama. Hakuna hata moja iliyocheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nikarukaruka mpaka nikafika mbele ya mama mmoja mnene kuliko nyumba yangu. Amekaa kitako, ubavuni ana mapezi ya chuma ya kumtoa joto, ananguruma puani kama mtu anayebembeleza mtoto. Nikajitegea kitendawili: hatembei, halali, hashibi ila kwa mafuta. Nikajijibu mwenyewe: transfoma.

"Karibu," akasema. "Usinipe mkono."

"Nashukuru. Tusekile husema wewe ndiye unayepoza umeme. Unaupozaje?"

"Unaletwa kwangu kutoka bwawani ukiwa mkali kama nyuki waliochokozwa. Ukiupeleka kwako hivi ulivyo, utaunguza taa, utaunguza ukuta, utaunguza mpaka jina la kitongoji. Naupitisha kwenye nyaya nilizojizungushia tumboni. Unaingilia zile zenye mizunguko mingi, unatokea kwenye zile zenye mizunguko michache, ukali umekwisha."

"Kwa hiyo zimeungana?"

"Wala hazigusani."

"Sasa umeme unafikaje upande wa pili?"

"Hata mimi siku ya kwanza nilishtuka. Halafu nikazoea."

Pembeni yake ilining'inia chupa yenye punje za bluu. Akaniambia ndiyo pua yake. Pumzi yake lazima iwe kavu; unyevu ukiingia kwenye mafuta yake, ni msiba. "Kwa hiyo hapa kwangu hapaoshwi vyombo," akasema, "wala halii mtu."

"Mimi nilie nini? Nimekuja kutembea tu."

"Hujaongea na wale mabinti."

Naangalia juu. Kwenye nguzo mbili wamekaa mabinti wawili, kila mmoja amekumbatia waya wake. Hao kazi yao ni kupima umeme unaopita na kupeleka habari ndani. Lakini umeme wenyewe ni mwingi mno, hakuna chombo cha ndani kinachoweza kuupokea kikabaki kizima, kwa hiyo wao huupunguza. Elfu wanaisema moja.

"Kabibi kamekuja," akasema wa kwanza.

"Kana kakanga," akasema wa pili.

"Hamjambo, wanangu? Habari za hapa?"

"Hakuna habari, Bibi. Kuna kajambo tu. Kuna kamtu kanapanda kwenye laini yenye kaumeme. Katakufa kidogo."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mtu hafi kidogo!"

"Sisi ndivyo tunavyopima," akasema wa kwanza bila kubadilisha sauti. "Anayetaka ukubwa wake anazidisha kwa elfu."

"Ni nani huyo?"

"Kale ka kofia ya njano. Tusekile."

Chozi la kwanza lilipodondoka, nikasikia transfoma anakohoa nyuma yangu, na nikigeuka naona punje za bluu kwenye chupa yake zinageuka pinki, moja baada ya nyingine.

"Nilikwambia," akasema kwa shida.

Nikajifuta na kanga. Kisha nikamwona. Tusekile yuko ng'ambo ya vyuma, yuko kwenye ngazi, kitambaa cha kufutia begani, anapanda huku anaimba wimbo wa kwaya. Anapanda kama mtu anayepanda kitandani.

"Tusekile! Shuka! Shuka chini!"

Sauti yangu ikapita mbele ya wale mabinti. Wakaipima, wakaipunguza, na iliyomfikia ilikuwa kama ya mbu. Tusekile akajipiga kofi sikioni, akaendelea kupanda.

"Si huwa wanazima kabla ya kupanda?" nikawauliza.

"Kamezima," wakajibu. "Kamezima kengine."

Nikakimbia hadi chini ya ile laini. Sikubana miguu tena. Kokoto zikapiga yowe, sikusikiliza. Hapo nikakuta mikono miwili ya shaba imeshikana vidole kwa vidole, na umeme unapita katikati yake. Tusekile huiita aisoleta.

"Achaneni!" nikaiambia.

"Hatuachani umeme ukiwa unapita," ikajibu mikono yote miwili pamoja. "Tukiachana hautasimama. Utaendelea hewani, moto mtupu, na utatuchoma sisi na wewe na huyo aliye juu. Amri ianze kwa Breka. Yeye akikata, sisi tunaachana, ili kila mwenye macho aone kwamba pametengana."

"Breka yuko wapi?"

"Nyuma yako."

Nageuka. Breka ni mzee mfupi aliyejikaza, springi imevutwa kifuani mpaka mwisho, meno ameyauma. Hakunisalimia.

"Mzee wangu, kata."

"Naweza," akasema bila kufungua meno. "Nikiambiwa."

"Si ndiyo nakwambia!"

"Duniani nasikia sauti moja tu. Ya Rilei, mlinzi wa laini."

Sikuuliza Rilei anakaa wapi. Nilifumba macho kwa uchungu, nikayafumbua nimo ndani ya chumba cha mitambo cha kituo, kwenye baridi ya kiyoyozi, na ukutani pamepangwa vishikio vitatu vya kuzimia laini. Cha kushoto kimeandikwa Ikapwela, cha katikati Kyela, cha kulia Chunya. Kwenye kile cha kulia imening'inia kufuli nyekundu yenye kibao cha jina la Tusekile.

Kufuli ikajitambulisha. "Mimi ni kufuli ya Tusekile. Nimefunga Chunya. Hakuna atakayeiwasha Chunya mpaka yeye mwenyewe aje na ufunguo, nao uko mfukoni mwake. Kazi yangu nimeifanya vizuri sana."

"Lakini hayuko kwenye laini ya Chunya!"

"Hilo si la kufuli."

Hapo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kulinichoma. Ukimsuka mtu ukiwa umekaa nyuma yake, kulia kwako ni kulia kwake. Ukihamia mbele yake, kulia kwako ni kushoto kwake, na usipoangalia unafumua nywele zisizo zenyewe. Tusekile alizima ya kulia akiwa ndani, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka mpaka ng'ambo, akageuka, akapanda ya kulia. Ya kulia ya huko nje ni ya kushoto ya humu ndani. Mjukuu wangu amezima Chunya na amepanda Ikapwela, laini inayoleta umeme nyumbani kwangu.

"Jina?" ikasema sauti.

Kwenye kabati kulikuwa na kisanduku kidogo chenye kidirisha na vitaa viwili vyekundu. Kilikuwa kimevaa tai.

"Tupokigwe. Wewe ndiye Rilei?"

"Ndimi. Sababu ya kuja?"

"Mjukuu wangu amepanda laini yenye umeme. Mwambie Breka akate ya Ikapwela, baba, nakuomba kwa magoti."

Akatazama kidirisha chake. "Sioni tatizo. Umeme unapita vizuri."

"Atakufa!"

"Bado hajafa. Mimi hukata hitilafu ikishatokea. Ikitokea nitakata upesi kuliko kope lako. Watu wananisifu sana kwa upesi."

"Na Tusekile?"

"Yeye ndiye atakayekuwa amenijulisha."

Nimezika mume, nimezika na watoto. Sijawahi kusikia neno la baridi kama lile, na lilisemwa kwa adabu, tai imenyooka. Dirishani namwona Tusekile amefika juu. Anavuta kitambaa begani.

Sijui ni nini kilichoniinua. Nilipiga makofi mawili nikasema kwa sauti, "Kitendawili!"

"Tega!" akasema Rilei.

Akashtuka mwenyewe. Vitaa vyake vikapepesa. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na ukishasema tega huwezi kuondoka.

"Kwa pumzi moja nawasha," nikamwambia, "na kwa pumzi hiyohiyo napoza."

"Rahisi. Ni transfoma."

"Transfoma anapoza tu. Hawashi."

"Ni mimi."

"Wewe unazima, baba. Tena ukichelewa."

"Ni kiyoyozi. Ni feni. Ni..." Kidirisha chake kikaanza kupitisha maandishi mbio mbio, likaja hili likaenda, likaja lile likaenda, na kisanduku kikapata joto mpaka tai ikalegea. "Hakuna kitu kama hicho," akasema. "Nimetafuta kote. Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Ndivyo mchezo ulivyo tangu tukiwa wadogo kando ya moto: aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji asipoupenda anaukataa apewe mwingine. Siku zote ulikuwa mji wa mdomoni tu. Nimeshapewa Zanzibar nzima na mtoto aliyekuwa hana hata kandambili, na asubuhi Zanzibar ikabaki palepale. Lakini huyu miji alikuwa nayo kweli, ipo ukutani, ina vishikio.

"Nakupa Chunya," akasema upesi.

"Chunya ina kufuli ya mjukuu wangu. Unanipa mji uliokwisha kuzimwa? Siutaki."

"Nakupa Kyela."

Nje kitambaa kimekunjwa vizuri. Hewa inapiga mluzi kuzunguka kofia ya njano. Nywele zilizochomoza chini ya kofia zinasimama moja moja, na yeye anadhani ni upepo.

"Nimekwenda Kyela," nikasema, maneno yakinikimbia mdomoni, "nimekula wali, nimekula na samaki, sikushiba. Siutaki!"

Rilei akasoma kishikio cha mwisho. "Umebaki Ikapwela. Si ndiko kwenu?"

"Ndiko."

"Mliusubiri umeme mpaka mkaota mvi. Wewe mwenyewe umenunua jokofu juzi, bado lina nailoni. Unataka nikupe mji wako ukiwa gizani?"

Tusekile ananyoosha mkono.

"Nimekwenda Ikapwela!" Nilipiga kelele mpaka vishikio vikatikisika. "Nimekula ndizi, nimekunywa maziwa ya mgando, nimeshiba, nimeshiba! Nipe!"

Rilei akasema neno moja ambalo sikulisikia. Kule nje mzee mfupi akaachia meno.

TA!

Mluzi ukakatika. Nywele zikalala. Ile mikono miwili ya shaba ikaachana polepole, ikafunguka mpaka juu kama ya mtu anayepokea mvua. Na mkono wa mjukuu wangu ukafika kwenye kikombe cheupe, ukakifuta, ukakizungusha, ukakifuta tena. Hakuna kilichotokea. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kutotokea kitu.

Nikakaa chini, palepale sakafuni.

"Mji umeshachukua," akasema Rilei, sasa kwa sauti ya mtoto anayenyimwa. "Nipe jibu langu."

Nafungua mdomo nimwambie. Mdomo wangu ukatoa mlio wa simu.

Ilikuwa simu kweli, chini ya mto. Jua lilikuwa limeshapanda, na mimi si mtu wa kulalia jua. Swichi ya taa ilikuwa imewashwa lakini taa haikuwaka. Jokofu lilikuwa kimya.

"Bibi." Alikuwa Tusekile. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona sauti inatetemeka?"

"Nilitaka tu kukusikia." Akavuta kamasi. "Nilipanda laini isiyo yenyewe, Bibi. Nilihesabu nikiwa ndani, nikatokea mlango wa nyuma, nikasahau kwamba huko nje zinageuka. Fimbo ya kupimia umeme ilikuwa bado kwenye gari, nikasema ngoja nitangulie kupanda. Nikanyoosha mkono. Laini ikajikata."

"Nani aliyeikata?"

"Hakuna. Ndiyo maana sote hapa tumeduwaa. Hitilafu hakuna, radi hakuna, hata ndege hakutua. Tukaenda kuangalia rilei, maana ikikata huwa inaandika sababu. Inaandika kwa Kiingereza, Bibi, haijui lugha nyingine, ndivyo ilivyoletwa. Leo imeandika neno la Kiswahili."

"Neno gani?"

"Nimeshindwa."

Nilikaa kitandani, simu sikioni, nywele zangu zimesimama.

"Mhandisi anasema kuna mtu ametuchezea," Tusekile akaendelea. "Tumejaribu kuwasha, breka inagoma. Yaani iko kama inasubiri kitu."

"Wewe uko wapi sasa hivi?"

"Chini. Nimekaa kwenye kokoto, wamenipa chai."

"Na wenzako? Hakuna aliyebaki juu?"

"Wote wako chini, Bibi, hapahapa."

"Kufuli yako?"

"Nimeitoa mwenyewe... Bibi, mambo ya kufuli umeyajulia wapi?"

"Kunywa chai yako, mwanangu. Usikate simu."

Nikaiweka simu kitandani. Nikaenda ukutani peku, nikainama mpaka midomo ikakaribia swichi ya taa, na nikasema kwa sauti ndogo, kama unavyomwambia jibu mtoto aliyeshindwa kwa haki.

"Ni mdomo. Napulizia moto uwake, napulizia uji wa mjukuu upoe."

Jokofu likakohoa. Taa ikawaka.